Ukoo wa Marehemu

Kwa miaka ishirini na miwili nimekula mkate wa watu waliokufa bila jamaa. Nalisema mapema, enyi vijana mnaoniuliza kila tukikutana harusini, "Bi Asha, ile kazi yako hasa ilikuwa ipi?", ili asiyetaka kujua anyanyuke sasa akachukue biriani.

Hapa Uingereza mtu akifa bila wosia, na asionekane mume, mke, mtoto wala ndugu wa kumrithi, mali yake hushikwa na serikali. Serikali haijifichi. Inaliandika jina lake kwenye orodha, orodha inawekwa kwenye mtandao, na yeyote mwenye simu anaweza kuisoma akiwa ndani ya basi. Jina, mtaa aliofia, tarehe, pengine na alikozaliwa. Kazi yangu ilikuwa kuisoma orodha hiyo asubuhi kabla wengine hawajaisoma, kuwasaka warithi, kisha kuwaambia, "Kuna mali yenu mahali. Tieni sahihi hapa, nami nitawaambia ni wapi." Yaani niliuza habari iliyotundikwa bure. Watu walinilipa, wakanishukuru, na mmoja aliniletea keki.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la miwani, Queensbury. Mwenyewe alikuwa Bwana Kantilal, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, ambaye Kiswahili chake kilinishinda mie Mpemba pale anapokasirika tu. Aliniajiri kwa sababu mbili: nasoma hati za Kiarabu, na sioni haya kumpigia simu mtu nisiyemjua.

Hiyo ya pili aliijutia wiki ya kwanza. Alinipa namba ya bwana mmoja aliyefiwa na ami yake, nimwarifu. Nikaona vibaya kumwangushia mtu msiba asubuhi yote ile, nikatafuta pa kulainisha. Nikasema, "Bwana, nina habari njema. Ami yako amefariki."

Yule bwana akauliza taratibu, "Na habari mbaya ni ipi?"

Bwana Kantilal alisikia kila neno kutoka chumba cha pili. Hakunifukuza. Alivuta kiti, akaketi mbele yangu, akasema, "Sikiza, Bi Asha. Anza na mtu. Muulize alikuwa nani, walijuana vipi, walionana lini mwisho. Pesa hazina haraka, zishalala serikalini." Kaida hiyo nimeifuata mpaka nilipostaafu, na nawaachia bure, jambo ambalo si kawaida yangu.

Mengine ya kazi nimeyafunzwa na makosa. Usiamini tahajia. Khamis mmoja nimemkuta kaandikwa kwa namna saba katika karatasi za maisha yake, na mara mbili alikuwa mwanamke. Usianze na rejista, anza na duka ambalo marehemu alinunua maziwa. Na sisi watu wa pwani hatuna jina la ukoo. Mtu ni yeye, baba yake na babu yake, wamepangwa kwenye foleni. Mwingereza ana kisanduku kimoja cha jina la ukoo na lazima akijaze, kwa hiyo huwa anamnyakua yeyote aliye karibu.

Sasa nitawahadithia jambo la Hounslow, magharibi mwa London.

Asubuhi moja orodha ilikuwa haina jipya, nami nikawa naipitia ya zamani kwa kukosa la kufanya. Nikaliona jina: Marehem, Salama. Hajaolewa. Amefia Hounslow. Amezaliwa Zanzibar. Lilikuwa hapo mwaka wa kumi na moja. Ana fleti aliyoinunua kutoka kaunsili, yaani serikali ya mtaa, nayo serikali ilishaiuza na kuziweka pesa.

Nilicheka peke yangu, kisha nikasita kucheka. Nikampelekea Bwana Kantilal.

"Hilo nalijua," akasema. Akafungua mtoto wa meza, akatoa faili lenye vumbi. "Nilihangaika nalo miezi sita. Hakuna ukoo wa Marehem, si Zanzibar, si Maskati. Nikadhani Waturuki."

"Bwana Kanti, lisome kwa sauti. Utie u mwishoni."

Akalisoma. Akavua miwani. "Marehemu," akasema. "Na mimi mzaliwa wa Mombasa."

Hakuwa peke yake. Kampuni moja kubwa, ambayo sitaitaja, ilikuwa imemtuma kijana wao mpaka Unguja, akatembea mitaa mizima akiuliza nyumba ya kina Marehemu. Mwenyewe alinisimulia baadaye. Anasema mzee mmoja alimjibu kwa upole, "Mwanangu, utaanzia wapi? Hakuna nyumba isiyokuwa naye."

Mambo yalikuwa hivi, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye. Salama alipofika nchi hii, kijana wa miaka ishirini, ofisa alimuuliza jina la baba. Mtoto aliyelelewa hamtaji baba yake aliyekufa kavukavu. Akajibu, "Marehemu Said Khamis." Ofisa akaandika neno la kwanza alilolisikia, herufi ya mwisho ikaanguka njiani, na binti wa watu akatoka pale na ukoo mpya. Adabu ilimgharimu jina. Akaishi nalo maisha yote. Alifanya kazi ya kuosha sinia za chakula cha abiria wa ndege, na kila siku ya Mungu msimamizi akimwita, kwa heshima zote, Bibi Marehem.

Nikapanda treni kwenda Hounslow. Sikwenda kwenye fleti, nilikwenda dukani kwenye kona ya mtaa wake. Mwenye duka alikuwa Kalasinga, mzee, na nilipotaja Salama akanijibu kwa Kiswahili cha bara.

"Mimi nilizaliwa Kisumu, mama," akasema Bwana Gurdev. "Yule alikuja hapa kila Ijumaa kuchukua muhogo ya barafu. Tuliongea Kiswahili dakika kumi. Hiyo ndiyo Kiswahili yangu ya wiki nzima."

"Alikuwa na jamaa?"

"Alisema hana." Akafuta kaunta iliyokuwa safi tayari. "Lakini kila Idi ananunua tende pakiti mbili na tambi pakiti mbili. Moja anabeba. Nyingine anatia karatasi ndani, mimi naandika anwani na kuiposti, kwa sababu yeye anaandika herufi za Kiarabu tu. Barking. Kila mwaka."

Alikuwa bado ana daftari lenye anwani hiyo: Rukia Said, na nyumba kwenye mtaa ninaoujua. Mie mwenyewe naishi Barking, upande wa pili wa London.

Salama alipofariki, Bwana Gurdev alikuwa Punjabi kwenye arusi ya mpwa wake. Aliporudi msikiti ulikuwa umeshamzika. Akaandika barua kwenda Barking, ikarudi: mpokeaji amehama. Hakuwa na la zaidi la kufanya, na alinieleza hivyo mara tatu, kama kwamba mie ndiye hakimu.

Niliipelekea kaunsili ombi la anwani mpya, wakaniahidi jibu baada ya wiki mbili. Nikampigia Bi Tatu, anayepika sambusa za shughuli zetu zote. Akanitajia Rukia anakaa jengo gani, ghorofa ya ngapi, ana sukari na ana binti mmoja aitwaye Nasra. Chai yangu ilikuwa haijapoa.

Bi Rukia alinikaribisha vizuri. Mwanamke mrefu, mwenye miaka sabini na kitu, mgongo umenyooka. Nasra alikuwepo, muuguzi, ndiyo kwanza anatoka kazini. Nasra anaelewa kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza, kama nyote nyinyi, kwa hiyo yake nawatafsiria.

Nikaanza na mtu. "Bi Rukia, unamjua Salama binti Said?"

"Alikuwa mdogo wangu."

Nikasikia ile "alikuwa", nikadhani anajua. Nikampa pole. Akanitazama. "Pole ya nini?"

Nilikuwa nimeshafanya kazi hiyo miaka kumi na minne, na nikarudi palepale pa wiki ya kwanza. Nikamwambia. Amefariki, Bi Rukia. Mwaka wa kumi na moja huu.

Hakulia. Alisema, "Mimi nilihama mwaka huo huo. Nikasema zile tende zinakwenda nyumba ya zamani." Halafu akaingia chumbani akafunga mlango, nasi tukabaki sebuleni. Nasra akaniuliza, "Mama ana mdogo wake?" Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tatu na hakuwahi kulisikia jina hilo.

Ugomvi wao nilielezwa safari ya tatu. Rukia alikuja London baada ya Salama, mimba ya Nasra tumboni, na mdogo wake ndiye aliyemdhamini. Kwenye uwanja wa ndege ofisa akauliza, vipi dada wawili majina mbalimbali? Rukia, ambaye hajui kusema uongo na hajui kunyamaza, akaeleza kwamba Marehemu si jina, maana yake ni mtu aliyekufa. Ofisa akaona mdhamini anatumia jina la maiti. Wakamwandikia Salama kwamba karatasi zake zina shaka. Salama akaogopa: kazi, chumba, kila kitu. Akaenda kwa wakili, akala kiapo kwa maandishi kwamba Marehem ndio ukoo wake toka azaliwe, na kwamba yule mwanamke uwanjani si dada yake.

"Nikalala siku tisa kwenye chumba cha kufungiwa," Bi Rukia akasema, "na mtoto ananipiga mateke. Baadaye nikapokewa kama mkimbizi. Yeye alikuja kunitazama, sikumfungulia."

Basi tukaandika madai. Vyeti vya kuzaliwa vya dada wote wawili nilivipata Pemba, safi, baba mmoja, mama mmoja. Tukavituma serikalini tukiwa na uhakika, na jibu likaja baada ya wiki kadhaa. Barua zao zina adabu kuliko barua zetu za posa. Walisikitika. Salama Said wa kwenye cheti hakuna kinachomfunga na Salama Marehem wa Hounslow. Isitoshe, ndani ya faili lao mna kiapo cha marehemu mwenyewe kwamba mdai si dada yake.

Bwana Kantilal aliisoma mara mbili. "Sheria imekaa hivi," akasema. "Alidanganya ili aaminiwe, na ameaminiwa." Muda wa kudai una kikomo kisheria, nao ulikuwa umebaki miezi michache. Ukipita, hupati kwa haki tena, unapata kwa hisani, na hisani ya serikali ni kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa macho.

Nikarudi kwa Bi Rukia. Nikamwambia tunahitaji kitu chochote chenye mkono wa Salama kinachosema wao ni ndugu. Nikamkumbusha, "Bwana Gurdev anasema kulikuwa na karatasi ndani ya tende."

"Nilitupa."

Nimekaa mbele ya watu wengi wanaodanganya, na wengi wao hudanganya kwa maneno mengi. Yeye alitumia moja. Nikamtazama na sikusema kitu, jambo jingine alilonifunza Bwana Kantilal: ukimya ni wa bure na watu hawaumudu.

"Wacha serikali wale," akasema. "Wamezoea."

Nasra akamwuliza, kwa Kiingereza, karatasi gani. Nasra akauliza tena, safari hii kwa Kiswahili, kibovu, kila neno likitafutwa: "Mama, karatasi ya nini?"

Bi Rukia akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kitambaa cha kanga kilichofungwa fundo. Ndani zilikuwamo karatasi, nadhani kumi na sita, zimekunjwa ndogondogo, zote kwa hati za Kiarabu. Akaniambia nisome, yeye hana miwani. Miwani ilikuwa kichwani kwake.

Nyingi zilikuwa salamu: Idi njema, tambi hizi zipike kwa iliki, nasikia umepata mtoto wa kike, kama ana macho ya mama basi Mungu amemneemesha. Moja nilisita kabla ya kuisoma, nikaisoma.

"Dada Rukia. Ile karatasi niliyoapa, niliapa uongo. Baba yetu ni Said Khamis na mama yetu ni mmoja. Niliogopa. Ukinisamehe nipigie, namba yangu hii. Usiponisamehe, kula tende. Mdogo wako, Salama."

Nasra alizichukua zile karatasi moja moja, akawa anazipanga juu ya meza ingawa hawezi kusoma hata herufi. Akasema polepole, tena kwa Kiswahili, "Alikuwa Hounslow. Ni treni mbili tu."

"Najua," mama yake akasema. "Tende nilikula."

Msidhani alizitoa zile karatasi kwa ajili ya pesa. Alizishika siku nne zaidi, na siku ya tano Nasra akanipigia nikazichukue. Mfasiri aliyeapishwa akazitafsiri. Na hapa serikali yenyewe ndiyo iliyotusaidia: Salama alipoinunua fleti yake alitia sahihi kwa hati za Kiarabu, na hati za nyumba wanazo wao. Mtaalamu akalinganisha mkono na mkono. Mwandishi ni mmoja, akasema, na hapo kiapo kikapinduliwa na mwapaji mwenyewe, akiwa kaburini.

Hundi ilifika wiki tatu kabla muda haujakatika. Kampuni yetu ikachukua sehemu moja katika tano, kama mkataba ulivyosema. Nilipompelekea Bi Rukia hesabu, akaipitia kwa kidole mpaka chini.

"Umekula khumusi ya mdogo wangu," akaniambia. "Njoo na kwenye hitma ule iliyobaki."

Ningeweza kumwambia tangu siku ya kwanza kwamba madai hayo mtu anaweza kuyaandika mwenyewe, fomu iko palepale kwenye mtandao na haina malipo. Sikumwambia, kwa sababu na mie nina kodi ya nyumba. Nyinyi nawaambieni. Isomeni orodha. Atakayewapigia simu akadai ada kabla hajafanya kazi, kateni simu. Na andikeni wosia, hata kama mali yenu ni baiskeli.

Hitma Bi Rukia aliisomesha kwenye ukumbi wa Barking, mchana wa Jumapili. Miaka kumi na moja imechelewa, lakini Bi Tatu alipika kama mtu kafariki jana. Bwana Kantilal alikuja na suti, akakaa upande wa wanaume akila mchuzi wa choroko aliopikiwa peke yake. Bwana Gurdev alifunga duka, jambo ambalo anasema halijatokea tangu arusi ya Punjabi. Nasra alikuwa akigawa juzuu za Kurani, na alinikabidhi yangu kwa mikono miwili.

Wanawake wakawa wanaulizana kwa chini hitma hii ya nani, kwani wote walimjua Bi Rukia miaka yote kama mtu asiye na ndugu. Mmoja akamwuliza wazi, kwa kheri tu, "Dada Rukia, tunamsomea nani leo?"

Bi Rukia akasimama.

"Mdogo wangu, Salama binti Said," akasema. "Baba mmoja, mama mmoja. Yeye alinikana siku moja, kwa karatasi, kwa woga. Mie nimemkana miaka yote iliyobaki, na sikuwa naogopa kitu."

Akakaa, akavuta miwani kutoka kichwani akaivaa, akafungua juzuu yake. Nasi tukafungua zetu.